Nasaba Iliyoandikwa Jikoni

Mjini Butte, katika jimbo la Montana huko magharibi mwa Marekani, kuna mgahawa wa Kichina unaouza tambi tangu mwaka 1911. Unaitwa Pekin Noodle Parlor. Uko ghorofani, kwenye jengo namba 117 la mtaa wa South Main, na mteja hupanda ngazi kwanza ndipo akute ukumbi mwembamba wenye vijumba vya kulia pande zote mbili, vimetengwa kwa mbao zilizopakwa rangi ya chungwa na kuwekewa mapazia. Wanaofuatilia historia ya mapishi huutaja kuwa mgahawa mkongwe kuliko yote ya Kichina nchini humo ambao haujatoka mikononi mwa familia. Mwaka 2023 taasisi ya James Beard, ambayo tuzo zake ndizo zinazoheshimiwa zaidi na wapishi wa Marekani, iliuingiza katika orodha ya migahawa ya kale inayostahili kuenziwa.

Umri wake ni mkubwa, lakini kilichonishika mimi ni majina. Mwanzoni walikuwapo Hum Yow na Tam Kwong Yee. Baadaye, kwa zaidi ya nusu karne, mgahawa uliendeshwa na mtu ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Danny Wong. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Ding Kuen Tam. Alifariki mwaka 2020, na aliyebaki na funguo za jiko ni mwanawe, Jerry Tam. Baba akiitwa Wong, mwana akiitwa Tam. Kwetu pwani, ambako jina la baba hufuatana na la mtoto mpaka kaburini, mtu angeuliza mara moja kuna nini nyumbani humo. Katika familia nyingi za Kichina za Marekani swali hilo haliulizwi, kwa sababu majina mawili chini ya dari moja ni jambo la kawaida, na asili yake mara nyingi haiko ndani ya familia. Iko kwenye sheria.

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria iliyowafungia mlango vibarua kutoka China. Waliosazwa walikuwa wachache: wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wanadiplomasia na wasafiri. Kibarua aliyekuwa ameshaingia, yule aliyelaza mataruma ya reli au kuchekecha dhahabu mitoni, aliweza kubaki, ila mke na watoto walibaki ng'ambo ya bahari. Tangu mwaka 1875 palikuwa na sheria nyingine, ya Page, iliyowafanya wanawake wa Kichina watiliwe shaka bandarini kwamba wanakuja kuuza miili. Wakaishi wanaume peke yao, maelfu yao, wakituma fedha na barua vijijini Taishan na wilaya jirani za mkoa wa Guangdong, wakirudi mara moja kwa miaka kadhaa kuoa au kupata mtoto, kisha wakipanda meli tena. Waliokufa kabla ya safari ya mwisho, mifupa yao ilifukuliwa na kupelekwa Hong Kong, ambako hospitali ya Tung Wah iliipokea na kuifikisha kwao. Mtu alirudi kwa ndugu zake akiwa ndani ya sanduku.

Mfanyabiashara, kwa upande wake, aliruhusiwa kuja na mkewe na watoto wake. Kwa hiyo kuwa na familia kuligeuka kuwa haki ya tabaka moja, na swali zito kuliko yote likawa: mfanyabiashara ni nani? Dobi hakuhesabiwa, kwa sababu anafua kwa mikono. Mwenye mgahawa naye hakuhesabiwa, kwa sababu anapika. Mambo yalibadilika mwaka 1915, mahakama ya shirikisho ilipokubali kwamba baadhi ya wenye migahawa nao ni wafanyabiashara. Masharti yalikuwa makali. Mgahawa ulitakiwa uwe wa hadhi, wenye mtaji wa maana. Msimamizi alitakiwa awe ameuendesha mwaka mzima bila kugusa kazi ya mikono: asipike, asioshe vyombo, asipeleke sahani mezani. Na walihitajika mashahidi wawili wa Kizungu wa kula kiapo kwamba hawakumwona hata siku moja akifanya hayo.

Mwanahistoria Heather Lee amefuatilia jinsi Wachina walivyoyakabili masharti hayo, na utafiti wake umenifanya niyatazame upya hata yale majumba ya chop suey, nyama na mboga za kukaangwa pamoja, ya kwenye picha za zamani. Hapakuwa na mtu mmoja mwenye fedha za kutosha, basi walichanga. Ndugu, binamu na watu wa kijiji kimoja walinunua hisa, wakafungua mgahawa mkubwa wenye meza nzuri, kisha wakapokezana usimamizi. Mmoja alikaa kwenye kiti cha meneja mwaka mmoja au mwaka na nusu, akavaa suti, akafahamiana na muuza nyama na mwenye nyumba ili wawe mashahidi wake, akapata hati ya mfanyabiashara, akaenda kumleta mke au mwana. Aliporudi alivua suti akashika mwiko, na mwenzake akakaa kwenye kile kiti. Katika jiji la New York idadi ya migahawa ya Kichina iliongezeka mara nne kati ya 1910 na 1920, na ikazidi mara mbili tena kufikia 1930. Waandishi wa magazeti wa wakati ule walidhani watu wamepagawa na ladha mpya. Ladha ilikuwapo, sikatai. Lakini nyuma ya kila meza mpya palikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu miezi ili amwone mwanawe. Mgahawa ulikuwa hati kabla ya kuwa jiko.

Pekin ulifunguliwa miaka minne kabla ya uamuzi ule wa mahakama, katika mji ambao tayari ulikuwa umejaribu kuwatimua Wachina. Butte ulikuwa mji wa shaba, na migodi yake haikulala. Wachimbaji waliotoka zamu usiku wa manane walitaka chakula cha moto, na Wachina waliwapikia. Mwishoni mwa 1896 vyama vya wafanyakazi vilitangaza ususiaji: asionekane mtu katika duka, dobi wala mgahawa wa Mchina, na anayemwajiri Mchina naye asusiwe. Wafanyabiashara wa Kichina, Hum Fay na wenzake akiwamo tabibu Huie Pock, hawakufunga virago. Walimwajiri Wilbur Fisk Sanders, mwanasheria aliyewahi kuwa seneta wa Montana, wakaenda mahakamani, na mwaka 1897 wakapata amri ya kuusimamisha ususiaji ule. Nalipenda shauri hilo kwa sababu ya ushahidi uliotolewa ndani yake. Watu ambao sheria haikuwaruhusu kuwa raia walisimama kizimbani wakaeleza waliuza nini, walipoteza wateja gani, walipakana na nani. Mjukuu anayetafuta babu yake leo huanza na sensa, na katika sensa babu huwa ni jina lililokosewa tahajia na neno moja la kazi. Kwenye shauri kama lile babu anazungumza.

Hata vile vijumba vyenye mapazia vina historia yake. Katika miji mingi ya magharibi, wakubwa wa polisi na vyama vya wafanyakazi walivipigia kelele, wakidai kwamba nyuma ya pazia wasichana wa Kizungu wanaharibiwa. Zilitungwa sheria za kuwazuia wanawake wa Kizungu wasifanye kazi katika migahawa ya Wachina, na sheria za kukataza vyumba vya faragha. Ninapoona picha za Pekin, zile mbao za rangi ya chungwa zikiwa bado zimesimama, naona pia kwamba kuna waliotaka zing'olewe nchi nzima.

Sasa niingie kwenye jambo la majina, kwa sababu hapo ndipo nasaba yenyewe ilipofinyangwa.

Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza kumbukumbu za vizazi. Mtu aliyezaliwa Marekani ni raia. Hilo lilikwisha kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1898 katika kesi ya Wong Kim Ark, mpishi mzaliwa wa San Francisco aliyezuiwa kuingia nchini mwake alipotoka kuitembelea China. Baada ya moto, Mchina aliyedai kuwa amezaliwa mjini humo hakuwa na cheti, na serikali nayo haikuwa na daftari la kumkanusha. Akawa raia. Na mtoto wa raia, hata akizaliwa China, ana haki ya kuingia. Kila aliporudi kutoka safari ya kijijini, mtu huyo aliwaambia maafisa kwamba amejaliwa mtoto wa kiume, na mara nyingi aliyetajwa hakuwa amezaliwa. Ilikuwa ni nafasi iliyowekwa akiba. Nafasi hiyo ilipewa mpwa, mtoto wa jirani, au iliuzwa kwa kijana ambaye wazazi wake walikopa fedha kuinunua. Kijana alipanda meli akiwa na jina jipya, baba mpya, ndugu wapya na tarehe mpya ya kuzaliwa. Wakaitwa wana wa karatasi.

Serikali ilijua. Kuanzia 1910 hadi 1940 wengi walishushwa katika kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba ya San Francisco, wakawekwa katika mabweni ya mbao hadi mahojiano yao yamalizike. Maswali yaliyoulizwa humo yamehifadhiwa neno kwa neno, na kuyasoma kunauma. Nyumba yenu inatazama upande gani? Kutoka mlango wa nyuma hadi kisimani kuna hatua ngapi? Katika safu yenu ya nyumba, nyumba ya tatu anakaa nani, na ana watoto wangapi? Pipa la mchele linawekwa wapi? Kuna saa ukutani? Kisha baba, aliyekuwa mjini akikaanga tambi, aliitwa akaulizwa yaleyale, na majibu yakalinganishwa. Yakipishana, kijana alikabiliwa na kurudishwa. Wengine walikaa kisiwani majuma, wengine miezi, na wachache walikaribia miaka miwili; kwenye kuta za mbao walichonga mashairi ambayo bado yanasomeka. Hata mwana wa kwanza wa Wong Kim Ark, mtu ambaye jina lake limebeba haki ya uraia wa kuzaliwa ya taifa zima, alikataliwa kisiwani hapo kwa sababu maelezo yake na ya baba yake hayakulingana.

Vijana walisafiri na vijitabu vya kukariri: kurasa nyingi za majibu, ramani ya kijiji, orodha ya shangazi. Walivisoma melini usiku na mchana, na kabla ya kufika bandarini walivitupa baharini. Aliyesahau jambo kisiwani alikuwa na tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa jikoni. Wapishi wa Kichina walioajiriwa kuwalisha mahabusu walivuka kwenda mjini siku zao za mapumziko, wakaonana na jamaa, wakarudi na vikaratasi vya majibu vilivyopitishwa kwa siri pamoja na chakula. Nimerudia kuyasoma maelezo hayo mara kwa mara. Mtu anamegewa baba yake katika bakuli la wali: jina la bibi, idadi ya madirisha, kilipo kisima.

Nililelewa na wazee waliojua kuhesabu mababu saba bila kutazama popote, na kwao kukosea jina la babu mmoja ilikuwa kama kumtoa mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za wana wa karatasi nilihisi uzito wa kile walichotakiwa kufanya. Kijana wa miaka kumi na minne aliambiwa amkane mama yake kwa kiapo, mbele ya mkalimani, na asikosee hata kidogo. Kisha akaishi hivyo miaka arobaini au hamsini. Hakuweza kuwaambia watoto, kwa sababu mtoto husema shuleni. Wakati huohuo vitabu vya ukoo vilivyokuwa vikitunzwa kijijini, vyenye majina ya wanaume wa vizazi vingi, vilichomwa kwa wingi wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni baada ya 1966. Upande mmoja karatasi za uongo zikiwa salama katika makabati ya serikali ya Marekani, upande wa pili karatasi za kweli zikiwa majivu.

Hapo ndipo mgahawa unapokuwa shahidi wa kuaminika kuliko faili. Mjukuu anayefuatilia ukoo wake kupitia jiko la zamani ana vitu vingi vya kushika kuliko anavyodhani. Kuna orodha ya wabia, maana maafisa wa uhamiaji walidai ipelekwe kwao, na wabia hao, tofauti na ndugu wa karatasi, mara nyingi ndio jamaa wa kweli: watu hawachanganyi fedha za maisha yao na wageni. Kuna picha ya ufunguzi, na ndani yake mtu anayesimama karibu na babu kuliko alivyopaswa kusimama mbia tu. Kuna maandishi ya Kichina kwenye kibao au juu ya kimeza cha kufukizia ubani, ambayo hakuna afisa aliyejali kuyasoma, na kwa hiyo yangeweza kubeba jina la kweli. Ndivyo ilivyo na mawe ya makaburi. Katika makaburi ya Wachina wa Marekani utakuta jiwe ambalo kwa herufi za Kirumi linataja ukoo mmoja, na kwa herufi za Kichina ukoo mwingine. Mtu alibeba jina la karatasi maisha yote, na alipokuwa hana tena wa kumhofu, wanawe wakamrudishia lake mbele ya watu.

Menyu nayo ni hati, ingawa wengi huitupa. Chuo Kikuu cha Toronto, katika kampasi yake ya Scarborough, kimehifadhi mkusanyo wa menyu za migahawa ya Kichina zinazofikia takriban 10,000, kazi ya mkusanyaji Harley Spiller. Katika menyu za namna hiyo unaona familia ikijifunza kuishi na majirani: chop suey na tambi kwa wageni upande mmoja, nyama ya kuchoma na viazi upande wa pili, kwa mchimbaji asiyetaka kujaribu. Kilichopikwa baada ya wateja kuondoka hakikuandikwa popote. Samaki wa chumvi, mboga za kuchachushwa, supu ya mifupa, wali mweupe, vikaliwa na wote kwenye meza ya nyuma, na lugha ya Taishan ikasemwa kwa sauti bila kuogopa. Watoto walifanya kazi za shule kwenye meza tupu wakisubiri mteja wa saa mbili usiku. Waliokulia humo wakiulizwa kuhusu asili yao huwa hawaanzi na kijiji. Huanza na maganda ya kamba, mvuke, na mgongo wa baba.

Mpiga filamu Cheuk Kwan alizunguka dunia akirekodi familia za namna hii, na kitabu chake cha mwaka 2022 kinapita Kanada, Madagaska, Trinidad, Norwei, na pia Mombasa. Naona amefanya jambo kubwa kwa kuingia kwanza jikoni badala ya kwenye ofisi za nyaraka. Ofisi hizo pia zina thamani yake. Mafaili ya uhamiaji ya Wachina yako wazi kwa watafiti katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, huko San Bruno karibu na San Francisco, na pia Seattle, na wengi wameona humo kwa mara ya kwanza uso wa babu akiwa kijana. Ninachoomba ni kwamba mtafiti asiyasome kwa hasira anapogundua kwamba kila jibu lilikuwa la kutunga, na asiyafumbie macho pia. Babu alihojiwa kuhusu mama asiyekuwa mama yake, akamweleza vizuri mpaka afisa akaridhika. Uongo ule ulilipiwa na mama wa kweli, aliyekopa fedha akijua kwamba jina lake litafutwa.

Sheria ya kuwazuia Wachina ilifutwa mwaka 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani, na mgao uliotolewa ulikuwa watu 105 kwa mwaka. Kisha mwaka 1956 serikali ilianzisha mpango wa kuungama, ulioendelea hadi 1965. Mwana wa karatasi aliitwa aeleze jina lake la kweli, na huenda akaruhusiwa kubaki. Lakini kuungama kwake kulimfichua baba wa karatasi, na ndugu wa karatasi, na watoto wao wote. Wakati huo Marekani ilikuwa ikiwawinda wakomunisti, na aliyeshukiwa siasa zake aliweza kuungama na bado akafukuzwa. Familia zilikaa kwenye ile meza ya nyuma, baada ya kufunga, zikajadiliana usiku kucha. Wengine walikwenda wakarudi na jina la babu zao. Wengine walikataa, wakisema jina la karatasi limewalisha watoto na halina kosa. Katika nyumba nyingi uamuzi ulitofautiana, kaka mmoja akabadilisha, mwingine akabaki na lile la melini, na asubuhi wote wawili wakashuka kufungua mgahawa uleule, kila mmoja akiweka sahihi yake kwenye hundi za muuza mboga.

Watoto wa kaka hao leo ni watu wazima wenye wajukuu, na baadhi yao ndio wanaoandika barua San Bruno kuomba faili la babu. Fomu inataka jina la ukoo, na wao huandika yote mawili.